Sikumfungia Eunice

Mliponiaga mlinipa blanketi. Blanketi zuri, silikatai, lakini ujumbe wake niliuelewa: mama, enda ulale. Basi nimelala. Nimelala huku Subukia mpaka nimechoka kulala, nimepalilia kahawa, nimekamua ng'ombe, na mdomo bado ninao. Kwa hivyo nyinyi vijana mlioachiwa kile chumba changu cha seva, mlioniomba niandike "kitu kidogo cha kututia moyo, mathe", vuteni viti. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitawaambia kazi hii ni nini, halafu moyo mtajitia wenyewe.

Wengine wenu mlinikuta na mvi tayari, kwa hivyo niwape mwanzo. Chama chetu cha wafugaji wa maziwa kilikuwa na makao makuu Nakuru, na vituo Rongai, Subukia, na kile kibanda cha Olkaria tulimowauzia maziwa watu wa mitambo ya stima. Kompyuta zilikuwa kila mahali na fundi alikuwa mmoja. Mgeni akifika alikuwa ananiuliza, "Madam, fundi wa kompyuta ako wapi?" nami natoka chini ya meza na waya mkononi, namwambia, "Umempata." Walionipenda waliniita Mama Seva. Wasionipenda waliniita Polisi, na hao ndio walikuwa wengi.

Siku hizi mnabonyeza kitufe kimoja na mashine zote zinapata kinga, halafu mnaenda kunywa chai. Sisi kila kompyuta ilikuwa serikali yake. Nilikuwa nasafiri na dawa ya virusi kwa diski ya sidii, nimeitia kwa mkoba katikati ya mkate na sweta. Nikitibu Olkaria, Subukia imeugua. Nikitibu Subukia, napigiwa simu na Rongai kwamba folda zote zimepotea, na karani analia ni kama amefiwa.

Na ugonjwa wenyewe uliletwa na mambo mazuri: dini na arusi. Kwetu flashi haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa inatembea. Kwaya ikirekodi nyimbo, flashi inapita meza kwa meza. Mtu akiozesha binti, picha zinapita meza kwa meza, na ukikataa kuzitazama unaonekana una roho mbaya. Ndani ya hiyo flashi kulikuwa na kijidudu kinachoficha folda zako halafu kinajivalisha jina la folda. Wewe unabonyeza ukidhani ni picha za bibi arusi, kumbe unakifungulia mlango. Hakuna adui mwingine aliyewahi kukaribishwa vizuri hivyo.

Mwaka wa elfu mbili na saba chama kikakubali kununua seva. Tuliinunua kwa Bwana Gurmit, Singh wa kilemba cha buluu aliyekuwa na duka la mizani, redio na kompyuta pale mjini, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake. Kila ninachojua nilianza kukijua kwake. Aliniketisha kwa kreti ya soda akanieleza: "Dada, sikiza. Saa hii kila mtu ana mlango wake na ufunguo wake. Sisi tunaweka mlango moja. Asubuhi kila kompyuta inapiga hodi kwa seva, seva inauliza wewe ni nani, ikikujua unaingia. Sheria unaweka mara moja, zote zinasikia." Nilimuuliza na asiyesikia je. Akasema huyo ndiye mwenye virusi.

Basi tukaanza, na tukaanza vibaya. Asubuhi ya kwanza tulituma kinga kwa mashine zote kwa pamoja, mimi na yeye tukitazama kioo na tabasamu kubwa. Kinga ikaingia, na kila kompyuta ikajizima ili ijiwashe upya. Zote, pamoja na zile za mizani, saa ile ile ambayo malori yamepanga foleni na wafugaji wamesimama na mikebe. Barnaba, dereva wetu wa lori la Rongai, mzee mpole asiyependa kelele, alikuja mpaka dirishani akaniambia, "Mama Seva, maziwa haijui kungojea kompyuta iamke." Siku hiyo tulipima kwa penseli mpaka saa tano, na Bwana Gurmit mwenyewe alikunja mikono ya shati akashika mikebe. Kwa hivyo shikeni hili kabla sijaendelea: kitu kipya kitumeni kwanza kwa mashine chache za watu wenye subira. Mkiona wako hai kesho yake, endeleeni kwa wengine. Na msitume chochote asubuhi, hata kama bosi amesimama nyuma yenu.

Halafu kulikuwa na paswadi. Seva ilitaka kila mtu awe na yake, na nusu ya ofisi wakaweka majina ya ng'ombe wao. Shida ni kwamba sisi ni chama cha wafugaji. Ng'ombe za kila mtu zinajulikana, zina kadi, zinaulizwa hali yao kwa jina kabla ya watoto. Nilikuwa naweza kuingia kwa kompyuta ya karibu kila mtu kwa kumkumbuka tu ng'ombe wake. Nikaweka sheria: jina la ng'ombe peke yake haliingii, lazima kuwe na namba, na kila baada ya muda paswadi inakufa, unaweka mpya. Wakanung'unika, wakatii kwa namna yao. Malkia akawa Malkia1, halafu Malkia2.

Malkia alikuwa ng'ombe wa Eunice. Huyu Eunice mkae naye, maana ndiye ninayewaandikia habari zake. Alikuwa karani wa mapokezi pale Rongai, anapima maziwa na kuingiza kilo kwa kompyuta, mama wa watoto wawili, mwimbaji wa kwaya, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wangu, jambo ambalo sikulipenda. Nilipofunga mashine zote zisikubali flashi, ndiye aliyenibandika jina la Polisi. Hakutosheka na simu. Alisafiri kutoka Rongai mpaka Nakuru kuja kunigombesha uso kwa uso.

"Wewe Polisi," akaniambia, watu wote wakisikia, "nani amekuambia flashi yangu ni mgonjwa? Umeipima?"

"Nimeipima."

"Na ikapatikana na nini? Hiyo ni kwaya ya kanisa iko ndani."

"Kwaya ni safi. Flashi ndiyo chafu."

"Chafu ni roho yako. Na hiyo ingine pia tumejua. Ati faili zetu zote zinakuja kulala kwako. Unatafuta nini kwa vitu vya watu?"

Hapo alikuwa amegusa jambo la kweli. Nilikuwa nimepanga kwamba kitu chochote utakachoweka kwa kompyuta yako, nakala yake inakaa kwa seva. Faida zake ni mbili. Kompyuta ikifa, kazi haifi. Na ukikaa kwa kompyuta yoyote ya chama, hata Olkaria, ukisema jina lako na paswadi, inafunguka na vitu vyako, picha yako ya mbele, faili zako, kila kitu mahali ulipokiacha. Lakini laini ya Rongai ilikuwa ya simu, nyembamba, haikuweza kupitisha vitu vizito. Kwa hivyo kila Ijumaa diski ilikuwa inatoka Rongai kwa lori la maziwa. Barnaba aliiweka kwa mkebe wake wa chapati, ameifunga na kitambaa isitikisike, akaniletea mkononi. Msicheke. Hakuna nakala hata moja iliyowahi kupotea kwa ule mkebe, na nyinyi na mitandao yenu nimesikia mmepoteza.

Kwa Eunice huo ulikuwa wizi. "Unabebesha mzee wa watu siri zetu kwa chapati," akasema, na ofisi nzima ikacheka.

Nilikasirika vile nyinyi hamjawahi kuniona. Alipoondoka kurudi Rongai nilikaa kwa kiti changu, nikafungua jina lake kwa seva. Pale kuna kisanduku kidogo, ukikibonyeza mtu amefungiwa nje. Kesho asubuhi angepiga hodi, aambiwe hajulikani. Mkono ulikuwa kwa mausi tayari. Bwana Gurmit alikuwa nyuma yangu akifunga feni ya seva, na hakuinua sauti hata kidogo.

"Dada. Ukishika funguo zote, ruhusa ya kukasirika unakuwa hauna tena."

Nikamuuliza, kwani mimi si mtu? Akasema mtu akasirike kwa mdomo, mdomo ninao. Mkono uache. Na akanifanya niandike sheria siku hiyo hiyo: hakuna kumfungia mtu bila karatasi yenye jina lake, sababu, na sahihi ya anayetaka afungiwe. Tukaipeleka kwa meneja akaitia sahihi bila kuisoma, kama wanavyofanya mameneja.

Eunice nikampigia simu nikamtukana kidogo, akanitukana kidogo, maisha yakaendelea.

Sasa tunafika Disemba, na baada ya Disemba mnajua. Asiyejua aulize wazazi wake, wakikubali kusema. Kura zilipigwa, matokeo yakasomwa, na Bonde la Ufa likawaka. Mimi sitaki kuwaeleza moshi. Nitawaeleza tu ya kazini. Barnaba alifika Nakuru safari ya mwisho kabla barabara hazijazibwa kwa mawe, akaniwekea mkebe mezani, akasema, "Nimekuletea. Sijui kama nitaleta tena." Nilinakili ile diski yote siku hiyo hiyo, kwa mazoea tu, sikuwa nimeota lolote. Muda mfupi baadaye ofisi ya Rongai ilivunjwa. Walibeba kompyuta, viti, hata mizani. Eunice na wenzake kadhaa walikimbia na nguo za mwilini, wakaishia Nakuru kwa uwanja wa maonyesho, kwa mahema.

Najua mnachotaka kuniuliza. Eunice alikuwa kabila gani, na mimi je. Mmeanza hata kukisia kwa majina na sijawapa majina ya kukisia. Sitawaambia. Waliouliza hilo swali mwaka ule hawakuwa wanauliza kwa wema, na mimi tangu mwaka huo nilikataa kulijibu. Mkiona hadithi haiendi bila hilo jibu, basi hii si hadithi yenu.

Ofisi ya Nakuru ilipofunguliwa tena Januari, meneja aliniita. Alikuwa mtu wa sauti laini, mtanashati, wa kukukaribisha chai. Nilipoona chai nikajua kuna jambo.

"Mama Seva, hiyo mashine yako inajua nani ameingia kazini na nani hajaingia. Si ni hivyo?"

"Inajua nani amefungua kompyuta, boss."

"Ni hiyo hiyo." Akanitajia watu sita, Eunice wa kwanza. "Hawa wafungie leo."

"Wameacha kazi?"

"Hawajaonekana tangu mwaka uanze."

"Ofisi yao si ilivunjwa? Wataonekana wapi?"

Akakoroga chai. "Mwisho wa mwezi bodi inakaa. Mtu ambaye mashine haijamuona kufika hiyo siku, tutahesabu amejiachisha kazi, nafasi itangazwe. Sasa sitaki mtu akimbie hapa siku moja kabla, abonyeze bonyeze, aseme ameingia. Wafungie. Kuna watu wanataka kazi, Mama Seva. Watu wa hapa."

Nilimtazama. Wote sita walikuwa wa upande mmoja. Alijua kwamba najua.

"Niandikie, boss."

"Nikuandikie nini?"

"Kumfungia mtu kunataka karatasi. Jina lake, sababu, sahihi yako. Ni sheria, uliitia sahihi wewe mwenyewe."

Akacheka kidogo. "Hii si mambo ya kuandika."

"Basi si mambo ya kufunga."

Kicheko kikaisha. Akaniambia basi nimpe paswadi ya seva, atafunga yeye. Nikamwambia sitampa. Akanikumbusha seva ni mali ya chama. Nikamwambia ndiyo, seva ni ya chama, lakini paswadi chama kilinikabidhi nisimpe mtu yeyote, na yeye ni mtu. Hapo akaegemea mbele, akaniuliza polepole lile swali la mwaka ule.

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Mimi nafunga virusi, boss. Watu sifungi."

Mkidhani nilitoka pale nimeinua kichwa, mmekosea. Nilienda kwa kile chumba, nikafunga mlango, nikakaa juu ya boksi la karatasi. Niliogopa kupoteza kazi, na niliogopa zaidi ya hapo, maana wakati huo mtu angeweza kusema neno moja kukuhusu mtaani na usilale kwako. Nilikuwa na watoto. Nilimkasirikia meneja, nikamkasirikia Eunice pia kwa kuwa na jina kwenye ile orodha ya mdomo wa meneja. Na mbele yangu seva ilikuwa inanguruma, na kile kisanduku kidogo kilikuwa kinangoja kubonyezwa tu. Hakuna mtu angejua. Hilo ndilo jambo baya la kazi yetu, vijana. Mwenye panga anaonekana. Sisi tunabonyeza, tunaenda nyumbani, tunakula ugali.

Saa ya chakula nilienda dukani kwa Bwana Gurmit. Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiza mpaka mwisho akiwa na bisibisi mkononi.

"Unaweza futwa, dada."

"Najua."

"Na unataka nini kwangu?"

"Kompyuta moja ya kuazima. Za Rongai zimeibiwa, na za Nakuru kila moja ina mtu. Nikimleta atakaa wapi?"

Alienda kwenye dirisha la mbele la duka, akaondoa ile kompyuta ya maonyesho yenye kibandiko cha bei, akaibeba yeye mwenyewe mpaka ofisini kwetu na kilemba chake, watu wakitazama. Tuliiweka kwa korido, tukaiunganisha na seva, karibu na meza ya chai, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine, na pia kwa sababu nilitaka kila mtu aione.

Asubuhi iliyofuata nikaenda uwanja wa maonyesho. Mahema yalikuwa pale pale ambapo kila mwaka tulikuwa tunaonyesha ng'ombe wa chama na kupewa riboni. Nilimpata Eunice amekaa kwa jerikeni, amefunga leso, anachambua mchele uliotolewa na kanisa. Aliponiona hakusimama.

"Polisi. Umekuja kunishika?"

"Nimekuja kukuchukua uende kazini."

"Kazi gani? Mashine yangu imebebwa, hujasikia?"

"Mashine haikuwa yako. Vitu vyako viko kwangu."

Akachambua mchele kidogo. "Nimesikia tumefungiwa. Meneja amemwambia mtu, mtu akamwambia mtu."

"Mwenye kufunga ni mimi. Sijafunga."

"Kwa nini? Wewe hunipendi."

"Sikupendi. Inuka."

Mpaka leo sijui kwa nini niliongea hivyo. Labda ningeongea kwa upole tungelia wote wawili na kazi ingelala. Alimwachia jirani watoto, akanawa uso kwa maji ya jerikeni, tukatoka.

Nitawaruka kidogo niwape ya baadaye, ndipo mjue nilivyolipia. Barua ya onyo nilipewa: utovu wa nidhamu na kuleta mashine ya nje bila ruhusa. Hilo la mashine ni kweli, na nyinyi msiingize mashine ya nje kabla hamjaipima. Mimi niliipima. Barua nimeitia kwa fremu, iko sebuleni, karibu na picha ya arusi yangu, na wageni nawasomea wakitaka wasitake. Wale wengine watano waliingia mmoja mmoja kwa ile kompyuta ya korido kabla mwezi haujaisha. Bodi ilipokaa, hakukuwa na nafasi ya kutangaza. Meneja alihamishwa kwa sababu zake nyingine, na alipoondoka sikumpikia chai.

Turudi kwa korido. Eunice alikaa mbele ya ile kompyuta ya kibandiko cha bei. Watu walikuwa wanapita kuchukua chai. Wengine walimsalimia sana, kupita kiasi, na wengine walitazama vikombe vyao. Mimi nilisimama pembeni. Akaandika jina lake. Halafu vidole vikasimama.

"Ni Malkia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Malkia3."

"Usiniambie paswadi yako."

"Walimchukua, Mama Seva. Niliona wakimvuta. Alikuwa na mimba."

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita Mama Seva. Nilitaka kumshika bega nikashindwa. Nikamwambia aandike tu.

Akaandika, akabonyeza, na seva ikafikiri kwa muda mrefu, maana ile mashine ilikuwa ngeni. Halafu haikufunguka. Ikaleta ujumbe, na niliujua hata kabla sijausoma kwa sababu niliuweka mimi: paswadi yako imeisha muda, weka mpya.

Jameni, niliichukia sheria yangu siku hiyo. Ningeweza kwenda chumbani nikaizima kwa dakika moja, akaingia na ya zamani. Nilianza hata kutoka. Eunice akanizuia kwa mkono.

"Wacha," akasema. "Ng'ombe mwenyewe hayuko."

Alifikiri. Nami niligeuka nikatazama ukuta, kama ninavyogeuka kila mara mtu akiandika paswadi yake, na kama nilivyowafundisha mgeuke. Nilisikia vidole vikigonga, polepole, neno refu. Halafu akaliandika mara ya pili, kama seva inavyodai, na mara hii kwa haraka, bila kusita.

Nilipogeuka kompyuta ilikuwa imefunguka. Mbele kulikuwa na ile picha aliyokuwa ameiweka: geti la nyumbani kwake Rongai, watoto wawili wameketi juu yake, Malkia anachungulia katikati. Kando yake folda zake zote, mahali alipoziacha, na ile moja yenye nyimbo za kwaya, ambayo nilikuwa nimeisafisha badala ya kuifuta na sikuwahi kumwambia. Picha zingine zote za nyumba hiyo ziliungua pamoja nayo. Eunice alishika kingo za kioo kwa mikono miwili, akakaa hivyo, na mimi nikamwaga chai ya watu nikijifanya natafuta kikombe.

Meneja akatoka kwa ofisi yake kuja kujaza chai. Akamwona Eunice, akaniona mimi, akaona kioo.

"Huyu ameingia namna gani?"

Nilifungua mdomo kujibu. Eunice akanitangulia, hata hakugeuza shingo.

"Nimeingia na paswadi yangu, boss. Niko kazini. Sukari iko hapo kando."

Akavuta kibodi karibu, akaanza kujumlisha hesabu za maziwa ya Disemba, na mashine ikaandika kwamba karani wa mapokezi wa Rongai ameonekana.

Tumekuwa majirani wa simu tangu siku hiyo. Alinunua ng'ombe mwingine, na jina lake silitaji, kwa sababu huenda analitumia. Mara nyingi amejaribu kunieleza ni neno gani aliliandika pale kwa korido. Kila mara namkatia simu.